Uwanja Usio na Mlango

Mselem alitengeneza mazimwi kumi na moja. Jumanne moja, baada ya adhuhuri, aliyahesabu akayakuta kumi na mawili.

Alikuwa fundi wa kompyuta, akiishi mtaa wa Mabawa na mkewe Saleha, nesi wa zahanati. Akishamaliza mashine za watu, alikuwa na kazi yake ya moyoni. Alichukua gemu ya zamani ya kupiga risasi akaigeuza iwe yake: mchezaji mmoja peke yake, bunduki mkononi, katikati ya uwanja uliozungushiwa ukuta mrefu, na mazimwi yanamjia kundi baada ya kundi mpaka auawe. Akiuawa, gemu inaanza upya, na mazimwi yote aliyoyaua yanafufuka. Hakuna kushinda wala kutoka. Ukuta ule haukuwa na mlango, na hilo ndilo alilojivunia.

Ukuta wenyewe hakuubuni. Miezi minane nyuma alikwenda Ushongo, kijiji cha pwani, kutengeneza kompyuta za hoteli moja ndogo, akaonyeshwa gofu la mawe ambalo wenyeji hawapigi mluzi wakipita karibu nalo. Mselem aliingia. Akapiga picha kila pembe na kurekodi mwangwi kwa simu. Ndani, kwenye chokaa, palikuwa na mabaka kumi na moja ya ukungu, mengine yana kama mikono, mengine kama midomo iliyo wazi. Yalimpendeza. Ngozi za mazimwi yake alizitoa kwenye mabaka yale.

Hili la kumi na mbili lilisimama pembeni, limeelekeza uso ukutani. Alilipiga risasi, zikapita. Akafungua faili, akakuta majina kumi na moja. Akarudi kwenye gemu, nalo lipo palepale. Chumbani kukaanza kunuka chokaa mbichi, na spika zikatoa sauti ya kiganja kinachopapasa mawe, taratibu, kutoka pembe moja hadi nyingine.

Saleha aliisikia aliporudi kutoka kazini jioni.

"Nani huyo anapapasa?"

"Ni sauti niliyorekodi gofuni."

"Ulikuwa unapapasa ukuta wewe?"

"Hapana. Mimi sikugusa kitu."

"Basi ifute, mume wangu."

"Nimeshaifuta," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu saa nane."

Alhamisi asubuhi, Saleha alipokwisha kuondoka, Mselem aliketi aifute gemu nzima. Kabla hajagusa kitu, ikajifungua yenyewe. Mazimwi yake kumi na moja hayakumjia. Yalikuwa yamejibana kwenye pembe ya mbali, yamekumbatiana. La kumi na mbili likageuka. Halikuwa na uso, bali jiwe lenye chumvi na nyufa mbili zilizokuwa zikimtazama. Mselem alibonyeza kitufe cha kutokea, akakibonyeza tena, akataka kusimama na miguu ikakataa, akataka kumwita jirani na sauti ikaishia kooni, akatazama mlango wa chumba chake ambao hakuwa ameufunga, akaona mahali pake pana mawe, na dirishani mawe, na alipoinua kichwa kuitafuta feni ya darini aliona anga ile nyeupe aliyoichora kwa mikono yake mwenyewe, anga isiyo na jua, na kwa nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kile kiganja kikaanza kupapasa.

Saleha alirudi saa nane mchana akamkuta kitini. Macho yalikuwa yakikimbia huku na huku, vidole vikibonyeza. Midomo ilikuwa imekauka na nguo imelowa mkojo. Alimshika mabega amvute, akawa mzito kama nguzo. Akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

"Mselem! Mselem, ni mimi."

"Sina mlango," alisema. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

Saleha alitoka mbio bila viatu mpaka kwa Mzee Mwinyijuma, mshona kanzu wa mtaa wa pili, aliyesomea kisomo cha majini kwa baba yake. Mzee alikuwa na pumu, akaja akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Alipovuka kizingiti alinusa, akaitoa kofia yake akaivaa upya vizuri.

"Shikamoo mzee, hata sikukuamkia kule. Niambie nifanye nini," Saleha alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

Alisoma kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka Mselem, likanuka bahari. Kisha ile sauti ikaja.

"Usinisomee nitoke. Nitokee wapi?"

"Umemwingilia mja wa Mungu," Mwinyijuma alisema.

"Yeye ndiye aliyeniingilia. Nyumba yangu ilikuwa na mlango wa baharini. Kaja na kioo chake, kaichukua nyumba, kaizungushia ukuta pande nne, mlango kauacha kulekule. Miezi minane napapasa. Naye na apapase."

Mzee akafunga kitabu. "Anasema kweli," alimnong'oneza Saleha. "Nikimsukuma hana pa kupitia ila kwa kumpasua mumeo. Nani anaweza kuujenga huo mlango?"

Mtu pekee ambaye Saleha alimjua ni Innocent, rafiki wa Mselem anayefanya kazi Horohoro, mpakani, ambaye ndiye aliyemfundisha kutengeneza gemu. Saleha alimpigia, akamweleza kwa haraka, akiogopa kwamba angecheka. Innocent hakucheka.

"Shemeji, fungua laptop yake. Kazi yote iko humo pia, ukibadilisha huko na kwenye kompyuta itabadilika. Umeona ukuta? Kata hapo. Lakini usiache wazi tu, nyuma yake hamna kitu. Weka mahali pa kutokea."

Saleha alitafuta kwenye picha za Ushongo akapata moja ya ufuko, mchanga na maji ya asubuhi. Akaibandika nyuma ya tundu alilolikata ukutani. Hakuijua kazi hiyo, mlango alioutia hapo ukatoka umepinda.

"Sasa nani ataufungua?" Innocent aliuliza.

"Mselem yumo ndani."

"Mselem haoni, shemeji. Na gemu hii ni ya mtu mmoja tu. Ukishika wewe, yeye inabidi aachie."

Mzee Mwinyijuma alimtazama Saleha. Hakumwambia nenda wala usiende. Saleha aliiacha simu wazi mezani, akasema bismillahi, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe.

Chumba kikaondoka. Alisimama kwenye mchanga wa kijivu chini ya anga nyeupe, bunduki mikononi, uzito wake ni wa kweli. Kwa mbali alisikia mtu akianguka kutoka kitini na kulia, akajua ni Mselem. Mbele yake alisimama yule wa mawe. Upande wa pili wa uwanja, mlango wake uliopinda.

"Nifuate," Saleha alisema.

Hawakuwa wamefika nusu ya uwanja yale mazimwi yalipotoka pembeni, yakipiga kelele, yakiwaendea. Saleha hakuwahi kushika gemu maishani. Alifumba jicho moja akapiga, moja likaanguka, akapiga tena na tena, matatu yakalala mchangani, mengine yakarudi nyuma. Alifika mlangoni akausukuma. Upepo wa chumvi ukampiga usoni.

"Pita!"

Yule wa mawe hakupita.

"Wanangu," alisema.

Saleha aligeuka. Yaliyobaki yalikuwa yamewapigia magoti wale watatu, yakiwatikisa. Hawakuwa wamekuja kumshambulia. Walikuwa wanamkimbilia mama yao.

Saleha akakumbuka alivyomsikia Mselem akijisifu: mchezaji akiuawa, wote wanafufuka. Sauti ya Innocent ilikuja kwenye simu, hafifu sana: "Shemeji, rudi. Acha vitufe urudi."

"Bado," Saleha alisema.

Akaitupa bunduki. Akawaendea, akapiga magoti katikati yao, mikono ikiwa wazi. Walimtazama. Kisha wakamrukia, na kila kucha aliisikia ndani ya nyama, na kila jino, na pumzi zao zilinuka chokaa, na alilia kwa sauti ambayo Mwinyijuma aliisikia chumbani akazidisha kusoma mpaka pumu ikambana, na Saleha hakuinua hata mkono mmoja kujikinga, mpaka ile anga nyeupe ikawa nyeusi.

Halafu ikawa nyeupe tena. Uwanja mtupu, mlango wazi. Watoto kumi na mmoja walisimama wakijigusagusa. Mama aliwakusanya, akawapitisha mmoja mmoja akiinamisha kichwa chini ya kizingiti kilichopinda, na yeye akawa wa mwisho. Hakuaga.

Saleha aliondoa mikono. Kioo kilikuwa kimezimika, na waya ulilala sakafuni pale alipouacha. Mwili ulimwuma kila mahali, lakini ngozi haikuwa na hata mchubuko. Mselem alikaa chini, ameegemea kabati, mzee akimnywesha maji.

"Miezi minane," Mselem alisema. "Kila siku niliwaua nikiijaribu gemu. Kila siku, Saleha." Kisha akamgeukia mzee. "Wamenisamehe?"

"Wametoka," Mwinyijuma alijibu, akihema. "Kusamehe ni juu yao. Hilo sina kisomo chake."

Mselem aliivunja kompyuta ile, na laptop pia, kwa nyundo siku hiyohiyo, na Innocent akafuta kila nakala aliyokuwa nayo. Nyumba ilitulia. Saleha alirudi zahanati, Mselem akarudi kwa mashine za watu, akizishika kwa mkono wa kushoto. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, kile alichofyatulia risasi kwenye gemu, kilikuwa kimejikunja tangu siku ile. Hospitali walikipiga picha, wakasema mfupa ni mzima, mishipa ni mizima, hawaoni ugonjwa.

Hakimwumi. Ila kila anaposwali, akifika kwenye tahiyatu, pale wenzake safu nzima wanapokiinua kidole kumshuhudia Mungu mmoja, cha Mselem hubaki chini, kimepinda juu ya goti lake, kikibonyeza.