Ruhusa ya Kidole Kimoja

Simu iliita mara moja tu, mchana kweupe, Kalamu akimwogesha mwanawe. Kioo chake kikauliza: *Je, ni wewe unayeingia?* Akagusa Ndiyo kwa kidole chenye povu, kama alivyozoea tangu ofisi ya ramani imruhusu kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya ofisini haikumfungulia mtu kwa nywila peke yake. Ilitaka na simu yake ikubali.

Ila leo alikuwa bado hajaomba kuingia.

Alipolitambua hilo, povu lilikuwa limeshamkauka mkononi. Akamfunga mtoto taulo, akafungua kompyuta yake ndogo kwenye meza ya jikoni. Akaandika nywila, simu ikauliza, akakubali. Kompyuta ya ofisini ikajitokeza kiooni, na mshale ulikuwa ukitembea wenyewe, ukichora taratibu.

Akampigia mlinzi wa ofisi.

"Kaka, nani amekaa mezani kwangu?"

Akamsikia akifungua kufuli, akiingia, kisha akinong'ona. "Hakuna mtu, dada. Na hii kompyuta yako imezimika, mafundi wamekata umeme tangu asubuhi. Lakini kiti kina joto. Na kunanuka nywele zilizoungua."

Harufu hiyohiyo ilikuwa imeanza kupenya kutoka korido ya nyumba yake.

"Mwanangu," mama mkwe akaita kwa sauti ya chini akitoka chumbani. Macho yake hayakuona tena, ila masikio hayakupitwa na kitu. "Mgeni uliyemkaribisha mbona hakai? Anazunguka tu, anapima kuta kwa hatua."

"Sijamkaribisha mtu, mama."

"Umemkaribisha. Hawa hawaingii bila ruhusa. Mbebe mtoto tutoke. Usikimbie, usimjibu."

Kalamu akamwinua mtoto, lakini macho yakamtoroka, yakarudi kiooni, akaitambua ramani ile: sebule yake, chumba cha mama, korido, meza aliyoiegemea, na nyayo zikichorwa moja baada ya moja zikija upande wake, huku nyuma yake vigae vikilia kwa mwendo uleule, hadi mshale ukaziacha nyayo, ukavuka sebule, ukafika kwenye mlango wa mbele na kuufuta polepole, kama mtu anayesahihisha kosa.

"Mwanangu," mama mkwe akanong'ona kutoka sebuleni, viganja vyake vikipapasa ukuta mtupu, "mlango uko wapi?"