Nyumba Isiyo na Mahali pa Kupigia Hodi

Chuoni walimwita Mpole, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Kulikataa kungemlazimu kusema. Mchana ule mkahawa ulifurika, vijiko vikigongana, na kiti kitupu kilibaki kimoja tu, mbele yake. Kijana mwenye shati la manjano akasimama hapo, amekumbatia sanduku la saksafoni kama mtoto aliyelala.

"Samahani, kiti hiki kina mwenyewe?"

Mpole akatikisa kichwa.

"Na wewe je, una mwenyewe?"

Chai ikampalia. Kijana akacheka, akampa karatasi ya kujifutia, na kabla kikombe hakijapoa alikwishajua kwamba binti huyu anasomea usanifu majengo, na kwamba mwalimu wao amewapa zoezi gumu: kila mmoja achague muziki, augeuze kuwa nyumba ya kadibodi.

"Basi chukua wangu," alisema. "Ila usinijengee banda la kuku."

Akamtumia wimbo aliojirekodi akipuliza peke yake.

Kwenye studio ya usanifu, Mpole aliusikiliza mpaka masikio yakamuuma. Sauti ilipopanda, aliinua paa. Iliposhuka, alishusha sakafu. Noti fupifupi zikawa madirisha membamba. Katikati, saksafoni ilinyamaza kwa muda, kisha ikarudi. Hapo alisimamisha ukuta mnene, mzima, usio na hata tundu. Aliupenda kuliko vyote. Ukimya aliujua vizuri. Tangu dada yake aolewe na kuhamia mbali, hakuna aliyebisha mlango wa chumba chake.

Ila kila jioni kijana alimpigia simu.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo! Harufu ya gundi naisikia mpaka huku."

Mpole alicheka huku amejiziba mdomo kwa mto, na akikata simu chumba kilizidi kuwa kikubwa.

Siku ya kumwonyesha kazi alivaa sketi ya bluu na hereni alizoachiwa na dada. Kijana aliinama, akapitisha kidole juu ya mapaa huku akiufuatisha wimbo kwa mluzi. Alipofika kwenye ukuta, mluzi ukakatika.

"Hapa umefanya nini?"

"Hapo unanyamaza."

"Sinyamazi. Hapo anaimba mama."

Alieleza bila kumtazama. Mama yake aliimba kwenye harusi za watu, yeye akimpulizia, hadi mama alipofariki mwaka uliopita. Wimbo alikuwa bado anaupuliza, na nafasi ya mama alikuwa bado anaiacha.

"Umemziba," alisema taratibu. "Mtu akifika hapa, atapiga hodi wapi?"

Mpole alitaka kusema samahani, akaishia kupangusa gundi vidoleni. Kijana alisubiri kidogo. Kisha akabeba sanduku lake, akaenda zake, akiamini kwamba binti hajali.

Simu ikanyamaza jioni ile, na jioni zilizofuata. Mwalimu alipopita mezani aligonga ukuta kwa kalamu, akatabasamu. "Ukuta huu ndio roho ya kazi yako. Usiuguse, maksi zako ziko hapa."

Mwalimu alipotoka, Mpole alichukua wembe, akaukata ukuta. Halafu, kwa mara ya kwanza, akapiga simu yeye.

"Mpole anapiga simu?" Sauti ya upande wa pili haikuwa na kicheko.

"Nimeukata ule ukuta."

"Na maksi zako?"

"Njoo uone. Tafadhali, njoo."

Alikuja na shati lilelile la manjano, limekunjamana. Wanafunzi wengine walikuwa wamekwenda kula. Juu ya meza kulibaki vipande vya kadibodi na ile nyumba. Pale palipokuwa na ukuta palikuwa na mlango mpana, na jua la mchana limepita ndani yake hadi upande wa pili.

Kijana aliutazama mlango. Alifungua sanduku, akapuliza. Alipofika kwenye ile nafasi, alishusha saksafoni na kufumba macho, kama mtu anayemsubiri asiyekuja.

Mpole akausogelea mlango wa kadibodi. Kuimba hakujua. Wala nafasi ile haikuwa yake.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo.

Macho ya kijana yakafumbuka. Muda wa kuurudia wimbo ukafika, ukapita, saksafoni ikining'inia tu shingoni.

"Karibu," akasema kijana. "Karibu, mpenzi. Pita ndani."