CD za Kufukuza Ndege

Mvua ilipoanza kupiga mabati ya soko la Kiboriloni, akina mama waliotoka mlimani walifunika ndizi zao kwa nailoni na kukimbilia popote palipokuwa na kibaraza. Magreth alikimbilia kibaraza cha duka la vifaa vya simu. Alivaa sketi ndefu ya bluu, sweta la kaka yake lililomzidi mikono, na kitambaa chekundu kichwani. Maji yalimchuruzika mpaka kidevuni.

Ndani ya duka kijana mrefu, mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, alikuwa anakula karanga. Hakuwa na sahani. Alikuwa amezimwaga juu ya kile kisahani chembamba kinachochomoza kwenye kompyuta za zamani ili kupokea CD.

Magreth alikuwa msichana wa aibu. Siku nyingine angesimama pale mpaka mvua ikatike bila kumsemesha mtu. Lakini leo alikitazama kile kisahani mpaka kijana akajishtukia.

"Karibu karanga, dada."

"Asante. Hicho kinafanya kazi?"

"Kipi? Sahani yangu?" Kijana akacheka. "Kinafanya. Mwaka mzima hakuna aliyeniletea CD hata moja, nikaona kisikae bure. Watu wanaangalia muvi kwenye simu, wengine wana flashi. Hizi laptop mpya hazina hata pa kuingizia."

"Najua. Kaka yangu anayo moja ya chuo. Nimeigeuza pande zote, sikuona mlango."

Kijana alicheka mpaka karanga zikamwagika. Magreth naye akacheka, kisha akaona haya, akaziba mdomo kwa mkono wa sweta. Halafu akafungua kikapu, akatoa CD iliyofungwa kwenye kanga.

"Nimezunguka nayo maduka matano," alisema. "Wote wananiambia niitupe."

Kijana alipangusa kisahani kwa pindo la shati lake jeupe, bila kujali doa, akaiweka CD. Kompyuta ikakoroma. Ikanyamaza. Ikakoroma tena.

Picha zikaja. Ilikuwa sherehe ya kipaimara cha Praygod, kaka yake Magreth, kule Kirua Vunjo, mwaka 2011. Turubai lilifungwa kwenye migomba, na watu walicheza huku wamebeba zawadi. Kisha akatokea mama mnene wa gauni la kijani, ameshika keki. Akamgeukia mtoto wa kike aliyejificha nyuma ya kiti, akamwita Mage, akamwambia kwa kicheko asimame, asiinamishe kichwa, watu wamwone. Basi. Kamera ikahamia kwa wachezaji.

"Rudisha hapo," Magreth alinong'ona.

Kijana akarudisha. Akarudisha mara sita.

"Ni mama yako?"

"Alifariki mwaka uliofuata. Deki ya nyumbani iliungua na umeme. Nina miaka minne sijamsikia." Alijifuta uso, haikujulikana kama ni mvua au ni machozi. "Shilingi ngapi, kaka?"

"Niite Melkior. Na hapa kwangu mtu hamlipii mama yake."

Kuanzia hapo, kila siku ya soko Magreth aliuza mikungu yake haraka, hata kwa bei ya hasara, ili awahi kwenye duka lile. Walikaa bega kwa bega kwenye kiti kimoja. Baada ya mama, waliangalia na muvi za zamani zilizojaa katoni chini ya meza. Melkior alijua kuigiza sauti za wale watafsiri wa muvi, na Magreth alicheka mpaka mwenye duka la jirani akawagongea ukuta.

"Mlutheri wewe una kelele," Melkior alisema.

"Na wewe Mkatoliki huna wateja."

"Ninaye mmoja. Ananitosha."

Mwezi wa tatu wa kukutana kwao Melkior alimshika mkono, na Magreth hakuuondoa. Akarudi mlimani amekaa kiti cha dirishani kwenye daladala, anatabasamu peke yake.

Siku moja alimwachia ile CD.

"Niingizie kwenye flashi, Melki. Hiyo kompyuta inazidi kukoroma. Ikifa, mama yangu amekufa tena."

"Usiseme hivyo. Ni kazi ya dakika kumi tu, mpenzi."

Lakini dakika kumi zile hazikupatikana. Magreth alipiga simu jioni, akiwa anakata majani ya ng'ombe.

"Haloo, mangi wangu, mfalme wa CD. Tayari?"

"Kesho, Mage wangu. Leo umeme umesumbua."

Baada ya wiki, "Bado natafuta flashi nzuri, sitaki feki ya mchina." Wiki iliyofuata, akachoka kuulizwa, akasema, "Tayari, mpenzi. Ipo hapa dukani, usiwe na wasiwasi."

Haikuwepo. Melkior hakuwa mvivu, wala hakuwa mwongo kwa mambo mengine. Kila alipoishika ile CD aliona jambo moja: siku Magreth atakapokuwa na mama yake ndani ya simu, hatakuwa na sababu ya kuingia tena kwenye duka hili. Aliangalia mkanda ule peke yake asubuhi nyingi, akairudisha CD kwenye katoni pamoja na zile muvi.

Alikwenda Arusha siku tatu kununua mali. Duka akamwachia Denis, mwenzake waliyechangia naye kodi. Denis alitaka nafasi ya kuweka kava za simu. Siku hiyohiyo akapita mkulima wa mpunga kutoka Chekereni, anatafuta CD mbovu. Wakulima wa kule wanazitoboa kwa msumari wa moto, wanazifunga kwenye kamba juu ya mpunga. Zikizunguka juani zinamulika, kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, wanaogopa kutua. Denis akamkabidhi katoni nzima, akashukuru kupata nafasi.

Magreth alifika siku ya soko na mkungu mmoja wa ndizi mshare, wa zawadi. Alikuta chini ya meza peupe.

"Shemeji, zile CD ziko wapi?"

"Zile? Zimekwenda kufukuza ndege Chekereni," Denis akacheka. "Angalau zimepata kazi."

Magreth aliweka mkungu chini. Akampigia Melkior.

"Mpenzi, Denis ametoa CD zote. Na ya mama."

Upande wa pili ulisikika mzigo ukitua sakafuni.

"Haloo? Melki, nimeshtuka, lakini sio kitu. Flashi unayo, sivyo? Umeiweka wapi niichukue?"

"Mage..."

"Niambie tu ipo droo gani."

"Mage, hakuna flashi."

"Unanitania."

"Sikuwahi kuiingiza. Niliogopa. Nilijua ukishaipata hutakuja tena kwangu."

Nje mama mmoja alikuwa anatukana mwenye mkokoteni.

"Kwa hiyo ulinifungia mama yangu," Magreth alisema taratibu, "ili mimi nije kwako?"

"Nilikupenda, Mage."

"Ningekuja! Ningekuja hata ungekuwa unauza mkaa!"

Akakata simu.

Kesho yake walikutana Chekereni, kila mmoja amekuja kwa njia yake. Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na juu yake mamia ya CD zilizunguka kwenye upepo na kumwaga mwanga wa kijani na zambarau. Mtu asiyejua angesema pamepambwa kwa harusi. Waliingia majini mpaka kwenye magoti, wakashika moja moja na kusoma. Hawakusemezana. Saa nane mchana Magreth akaona maandishi yake mwenyewe ya kalamu nene: *Kipaimara Praygod*.

Msumari ulikuwa umepita karibu na ukingo. Upande unaong'aa ulikuwa umekwaruzika wote. Melkior aliikimbiza dukani, Magreth nyuma yake, akaiosha kwa maji na sabuni. Kompyuta ikakoroma kwa muda mrefu, ikaitema. Wakarudisha. Ikaitema. Mara ya tatu kisahani hakikutoka kabisa.

"Acha," Magreth alisema. "Usimtese."

Zikapita wiki tano. Magreth hakushuka Kiboriloni, mikungu aliipeleka Praygod. Simu za Melkior zililia bila kupokelewa mpaka zikazoeleka.

Jumapili moja baada ya ibada, Melkior alipanda Kirua Vunjo na mjomba wake, Mzee Sylvanus. Mzee alishika jani la isale lililofungwa fundo. Baba yake Magreth, Mzee Yohana, alipoliona jani akavua kofia. Kwa Wachagga, isale likiletwa na mtu mzima kuomba msamaha, halirudishwi. Hata mwenye kosa la damu husikilizwa.

"Magreth, mwanangu, njoo."

Magreth alikuja, amevaa gauni la kanisani, akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mtoto wetu amekukosea. Hakuna cha kujitetea. Tumeleta hili."

Magreth alilitazama jani. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimemsamehe," alisema. "Na sio kwa mdomo tu."

Wazee wakashusha pumzi, wakaletewa pombe ya mbege. Melkior alimfuata Magreth mpaka nyuma ya nyumba, penye migomba. Macho yake yalikuwa yameanza kung'aa.

"Mage, basi niseme kwa wazee kuhusu ndoa?"

"Hapana, Melki."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini nikikuona namsikia ananyamaza. Siwezi kulala na kuamka na hicho kitu."

Melkior alishika mgomba.

"Nisikilize. Mimi ninayo yote kichwani. Niliiangalia kuliko hata wewe. Alivyocheka, alivyovuta neno la mwisho, nakumbuka. Tukikaa pamoja nitakuwa nakuambia kila utakapotaka. Hakuna mwingine duniani mwenye nayo, Mage, ni mimi na wewe tu." Na kwa kuwa alijua kuigiza, akalainisha sauti, akaanza: "Mage, simama..."

"Usiseme!"

Magreth alimziba mdomo kwa kiganja. Pumzi ya moto ya Melkior ilibaki ndani ya kiganja chake, na ilikuwa mara yao ya mwisho kugusana.

"Nenda," alisema. "Mjomba asikusubiri."

Melkior alipotoweka kwenye kona ya kihamba, shamba lao la migomba, Magreth alikaa juu ya jiwe, akafumba macho, akajaribu kumsikia mama yake. Maneno yake yakaja. Maneno mawili ya kwanza yalikuja kwa sauti ya Melkior. Yaliyobaki yalikuwa bado ya mama, na Magreth akayarudia haraka haraka, akianzia katikati.