Nyumba ya Wasio na Watoto

Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme, karibu na saluni ninaposukia. Vyumba viwili, jiko ndani, maji hayakatiki, kitongoji tulivu nje kidogo ya mji. Kodi yenyewe nusu ya zile nilizozoea kutajiwa. Chini kabisa wameandika: wasio na watoto.

Mimi ninaye mmoja, Kidoti, wa miaka mitano. Lakini nani asiyewajua wenye nyumba? Wanasema hawataki watoto, ukifika na kodi mkononi wanagundua kumbe wanawapenda. Na sikuwa na nafasi ya kuringa. Tulikuwa tunalala sebuleni kwa dada yangu, na shemeji alikuwa ameshaanza kukohoa kila akituruka asubuhi. Mtu mzima anayekohoa bila mafua anakufukuza kistaarabu. Dada aliniambia, machozi yanamtoka, kwamba mtoto anaweza kubaki hata akawa mkubwa, ila mimi nitafute pangu. Nikamwambia popote nitakapolala, Kidoti atalala ubavuni mwangu.

Basi nikafunga kazi mapema, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda jioni hiyo hiyo.

Dalali alitusubiri getini, mtu wa maneno mengi na viatu vilivyochongoka. Alipomwona mtoto, maneno yakamwishia. Akatazama jua linavyozama, akamtazama Kidoti, nadhani akaifikiria na komisheni yake.

"Tuingie haraka, tutoke haraka," akasema.

Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho. Umeme ulikuwa umekatwa, tukategemea mwanga wa madirishani. Nyumba nzuri, sitasema uongo. Vigae vinateleza, makabati yanafunga. Kitu kimoja tu kilinisimamisha: harufu. Mafuta ya nywele ya kizamani, yale mazito yanayokaa kwenye kopo mpaka yanachacha. Kwa kuwa ni harufu ya kazi yangu, nikajisemea nyumba imenikaribisha.

Dalali akaingia jikoni kunionyesha kwamba bomba linatoa maji kweli. Mimi nikasukuma mlango wa chumba cha ndani.

Ndani mlikuwa na bibi.

Amekaa kwenye kigoda, dirisha kalipa mgongo, chanuo la mti mapajani. Nikajua ni mama wa mwenye nyumba, nikamwamkia kwa adabu zote. Hakuitikia. Hata hakunitazama. Alikuwa anamwangalia Kidoti...

Na Kidoti kasimama tu, kimya. Nikambinya bega.

"Msalimie bibi."

"Bibi gani?" akanong'ona.

Nilidhani ni utundu, na hasira zikanipanda. Mtoto anakuja kunitia aibu mbele ya watu ninaotaka wanipe nyumba! Nikambinya tena, safari hii akaumia. Akageukia ukutani na sauti ya kutaka kulia.

"Shikamoo bibi."

Maji jikoni yakaacha kutiririka.

"Marahaba... mjukuu wangu."

Sauti kavu, ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. Kisha akauliza mbona kichwa cha mtoto hakijasukwa. Nikacheka kwa haya. Wateja hunitania kila siku, msusi mzima, mwanawe anatembea na nywele timutimu. Nikamwambia nitamsuka, bibi, ni kazi tu zinanibana.

Akainua chanuo.

"Nitamsuka mimi."

"Unaongea na nani?"

Huyo alikuwa dalali, nyuma yangu. Niligeuka kumwangalia, nikarudisha macho chumbani. Bibi hayupo. Kigoda hakipo. Ukuta mweupe na dirisha lililofungwa. Harufu peke yake ndiyo ilibaki, nayo ilikuwa imezidi.

Dalali alielewa kabla sijafungua mdomo.

"Mtoto amemsalimia?" akanong'ona.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na... ameitikiwa?"

Sikumbuki tulishukaje zile ngazi. Getini ndipo alipopata sauti. Alisema bibi yule ndiye aliyekuwa akisuka watoto wa jengo zima. Kisha mwanawe, ndiye huyu mwenye nyumba, akahama mbali na familia yake, akamwahidi kwamba wajukuu watarudi likizo. Bibi akakaa pale dirishani na chanuo lake kuwangoja. Walipomkuta alikuwa bado amekaa. Wapangaji wasio na watoto, alisema, huwa hawamwoni kabisa. Nikamuuliza waliokuja na watoto je?

"Walihama."

"Wote?"

Akatazama pembeni.

"Wazazi walihama."

Nilimbeba Kidoti mgongoni mpaka kwa dada, na usiku huo nililala nimemkumbatia. Asubuhi nikaona mstari mmoja kichwani mwake, upande wa kushoto, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Mwembamba, umekazwa, umefungwa kwa uzi mweusi. Ni twende kilioni, mtindo wa bibi zetu. Nikamwuliza dada kama ni yeye, huku najua dada yangu hawezi kufunga hata kamba ya kiatu ikakaza. Kila msusi anaujua mkono wake. Ule haukuwa wangu.

"Ni bibi," Kidoti akasema. "Yule uliyeniambia nimsalimie. Sasa namwona."

Nilitazama kila pembe ya sebule. Mimi simwoni tena.

Niliufumua mstari ule. Kesho yake ikawa mistari miwili, imekazwa zaidi. Nikaifumua. Kesho yake nusu ya kichwa. Nilikuwa nakesha, nawaapia nilikuwa nakesha, lakini alfajiri kuna kausingizi kanakuja na harufu ile ya mafuta. Kidoti hakuwa na hofu yoyote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko vyote. Alikuwa anakula vizuri, anacheka.

"Bibi anasema tukimaliza kichwa chote, tunakwenda nyumbani," akaniambia.

Siku hiyo nilichukua wembe. Mimi, ninayeishi kwa nywele za watu, nilimnyoa mwanangu mpaka kichwa kikang'aa. Alilia sana. Mimi nililia kuliko yeye.

Asubuhi nilipapasa kichwa chake kwanza. Hakina kitu. Nikashusha pumzi. Nikataka kuinuka, nikahisi ngozi ya kichwa imevutwa upande wa kushoto. Nikavua kitambaa, nikaenda kwenye kioo cha dada.

Mstari mmoja. Uzi mweusi.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilishukuru, nimeshika sinki. Ila nywele za mtoto huota, na wembe hauwezi kukaa kichwani mwake maisha yote. Sijui bibi anataka nini hasa. Najua tu kwamba amechoka kungoja, na anajua njia ya kuja hapa. Mstari ule sikuufumua.

Nilimwuliza dada kama neno lake la kubaki na Kidoti bado lipo. Akasema lipo, akauliza nimepata wapi pa kukaa. Nilichukua simu, nikampigia dalali, nikamwambia ile nyumba naitaka.

Nikiwa nangoja jibu lake, nikasikia nywele zangu zikivutwa kidogo kisogoni, jinsi tunavyomvuta mtoto ili atulie.

"Una mtoto?" dalali akauliza, kana kwamba hakumwona siku ile.

Kidoti alikuwa mlangoni na upara wake, anavaa kandambili za mama yake mkubwa, ya kulia mguu wa kushoto.

"Sina," nikasema.