Tarumbeta ya Nane

Kila siku saa kumi jioni bendi ya shule yetu ya bweni ilikusanyika stoo, nyuma ya bwalo. Nami nilishika tarumbeta yangu kwa heshima zote, nikavimbisha mashavu, nikachezesha vidole, wala sikupuliza. Nilidumu hivyo mihula miwili. Tarumbeta tulikuwa wanane, na saba walitosha kabisa kwa kelele.

Mwalimu wa bendi tulimwita Shaba, kwa ajili ya ala zake na upara wake, maana vyote viling'aa sawa. Alikuwa amepiga tarumbeta miaka thelathini katika bendi kubwa za dansi, kisha akaacha kumbi akawa mtunzi wa muziki wa bendi za shule. Wiki tatu kabla ya siku ya wazazi alitugawia utunzi wake mpya, ameunakili kwa mkono, kila mtu karatasi yake. Katikati ya karatasi yangu palikuwa na mstari mzima wenye maelezo juu yake: "Tarumbeta ya nane, peke yake. Wengine wote kimya."

Jirani yangu, Mashavu, alichungulia. "Pole, ndugu yangu," alisema. "Nitakuletea maua."

Nilimfuata Shaba na sura ya mgonjwa, nikamweleza kwamba kifua kinabana na heshima hiyo ingemfaa mwenye afya. Alifuta tarumbeta yake mpaka nikaishiwa magonjwa.

"Mihula miwili tarumbeta yako haijadondosha hata tone la mate," alisema. "Za wenzako zinalowesha sakafu."

Akanisimulia kwamba hata yeye, katika bendi yake ya kwanza, alijificha hivyohivyo nyuma ya wakubwa, hadi jirani yake alipougua na ukumbi mzima ukasikia ukimya wake. Alifukuzwa siku ileile. Mimi nilikuwa na wiki tatu. Nikishindwa, tarumbeta angepewa mwingine.

Nikapuliza kweli, nyuma ya bweni, mpaka midomo ikavimba na mpishi akauliza nani anachinja bata.

Siku ya wazazi bendi ilinyamaza, mama yangu akiwa kiti cha mbele. Nilipiga mstari wangu wote. Nota moja ilipasuka, nyingine zikatoka safi. Chini ya kiti changu palibaki kidimbwi kidogo cha mate.

Shaba alikitazama kabla ya kunitazama mimi. "Bendi kubwa ina mahali pengi pa kujificha," alisema. "Lakini anayejificha hajifunzi kitu, na zamu yake ikifika hakuna atakayempulizia. Haya, chukua tambara ufute sakafu."