Visanduku vya Kijani

Kila siku ya shule, kabla jua halijapanda sawasawa, Karani alikuwa ameshafika kwenye nyumba ya wazee. Hakuwa karani wa kweli. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, soksi moja juu, nyingine chini. Jina hilo alipewa na wahudumu kwa ajili ya wepesi wa vidole vyake. Aliishi na mama yake mdogo, mhudumu wa hapo, na njia ya shule ilipita mlangoni.

Nyumba hiyo ilitunza wazee kumi na wanne. Miezi miwili nyuma, mfuko unaosaidia nyumba za wazee kuhama kutoka kwenye madaftari ulikuwa umewapa vishikwambi vitatu. Humo kila mzee alikuwa na ukurasa wake wenye visanduku: amekula, ameoga, amekunywa dawa ya asubuhi, ya mchana, ya jioni. Ukigusa kisanduku, kinageuka kijani. Nusu ya pili ya fedha ilikuwa ya kuwafundisha wahudumu na kuweka kengele vitandani. Hiyo ingetoka baada ya afisa wa mfuko kuja kuona kama kurasa zinajazwa kila siku.

Tatizo lilikuwa wahudumu wenyewe. Mkono mmoja una sabuni, mwingine umemshika mzee asianguke. Wa kugusa kioo utoke wapi?

"Karani, njoo utuokoe," Mama Mdogo alisema siku ya kwanza. "Mimi nikigusa hapa, kinafunguka kule."

Basi kila alasiri, akitoka shule, Karani alizunguka na kishikwambi kifuani. "Huyu nani amempa dawa? Yule ameoga?" Anajibiwa, anajaza. Akipita karibu na Bibi wa Dirishani, mzee aliyeshinda kwenye kiti chake akitazama barabara, hakuachwa apite hivi hivi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Namlisha kutwa kwa kidole, wala hanenepi."

"Mtoto mchanga?"

"Mtoto asinenepe, kwani analishwa upepo? Nipe mji!"

Karani akampa mji. Bibi akala, akashiba, akacheka mpaka akakohoa. "Ni hicho ulichokikumbatia, mjukuu wangu."

Jumatatu moja, shuleni wakaanza mashindano ya kuruka kamba, kila alasiri. Karani alikuwa hodari wa kamba kuliko wa hesabu, na moyo wake ulibaki uwanjani. Ndipo Jumanne asubuhi akabuni njia ya mkato. Gusa, gusa, gusa. Kurasa kumi na nne, siku nzima, dakika tano tu, na wazee wengine bado wanakoroma.

"Si watakunywa tu?" alijiambia. "Kwani lini hawakunywa?"

Matroni, mkuu wa nyumba, alipotazama kioo alipiga makofi. "Kijani kitupu! Ijumaa afisa akija, atatupa fedha huku anacheka."

Karani hakujua jambo moja. Tangu vishikwambi vije, wahudumu walikuwa wameacha kuhesabu vidonge. Mhudumu alifika na maji, akatazama kioo, akaona kijani, akadhani mwenzake ameshatoa dawa, akaenda zake. Wazee wengine walidai dawa zao wenyewe, tena kwa kelele. Nyundo hakudai.

Nyundo alikuwa mhunzi, mwenye mikono mipana kama sepetu. Zamani, karakanani kwake, chuma kilimwangukia kichwani, na tangu hapo kichwa hicho kilitulizwa na vidonge vitatu kwa siku. Akivimeza, alikuwa mpole, akishinda kung'arisha vijiko vya jikoni. Jumanne hakuvimeza. Jumatano vilevile. Alhamisi aliacha vijiko, akaanza kuzungumza na ukuta.

Ijumaa shule ilifungwa mchana. Karani alikuwa bado getini aliposikia kishindo, akakimbilia mlangoni.

Kabati la vyombo lilikuwa limelala chini, sahani zimetapakaa vipande vipande. Nyundo alisimama katikati ya ukumbi, mguu wa kiti mkononi, akiipiga meza kama anafua chuma cha moto.

"Wezi! Mmeniibia karakana yangu! Leo nitawaua mmoja mmoja!"

"Baba, ni mimi, binti yako," alisema Mama Mdogo, akimsogelea polepole, mikono wazi.

Mguu wa kiti ulimpata juu ya sikio. Ulilia kama ukuni mkavu unaovunjwa. Mama Mdogo alipiga magoti, damu ikapita katikati ya vidole vyake, ikaingia machoni, ikalowesha aproni. Nyundo akageuka, akakipiga teke kiti cha Bibi wa Dirishani, na Bibi akaanguka kifudifudi juu ya vigae vya sahani.

Mlinzi aliingia mbio na rungu. Alifikiri ni mzee tu. Nyundo alimkaba koo kwa mkono mmoja, akambana ukutani mpaka macho yakamtoka na miguu ikatapatapa. Mlinzi akarusha rungu ovyo, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu likatua kwenye kifundo cha mkono wa mzee. Mfupa ukaalika. Karani aliusikia kutoka mlangoni.

Wahudumu watatu wakamrukia, wakamwangusha, wakamfunga kwa shuka. Hata alipokuwa chini hawezi kuinuka, mlinzi alimpiga mateke ya mbavu.

"Basi! Basi nimesema!" Matroni alimvuta kwa kola. "Ameshafungwa, unampigia nini?"

Nyuma ya mlango wa ofisi akachomoza mgeni, mkoba ameushika kama ngao, miwani yake imebaki kioo kimoja. Huyo ndiye afisa wa mfuko.

Matroni alifungua kishikwambi, akampigia daktari simu na kuweka sauti kubwa.

"Dawa anakunywa?" daktari aliuliza.

"Zote, daktari. Wiki nzima, hakuna iliyorukwa. Kijani kitupu."

"Basi dawa haimshiki tena. Siwezi kumwacha hapo awaue wenzake. Natuma gari, aende wodi ya kufungiwa. Atabaki huko."

Wote ukumbini waliijua wodi ile yenye vyuma madirishani. Wawili walishapelekwa kutoka nyumba hiyo, na hakurudi hata mmoja.

Nyundo alilala shavu likiwa sakafuni, mkono umevimba ndani ya shuka. Alimwona Karani. "Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "nimefanya nini?"

Afisa alikuwa ameshatoa kalamu. Karani akisema, fedha zinaweza kwenda, na kazi ya Mama Mdogo pia. Asiposema, nani atajua? Alimtazama yule mzee aliyefungwa kama mzigo.

"Hajanywa," alisema.

"Nani hajanywa?" Matroni aliuliza.

"Nyundo. Nilibonyeza mimi. Tangu Jumanne najaza asubuhi, kabla hawajapewa. Sikumuuliza mtu."

Matroni alikimbilia kabati la dawa. Aliporudi, kiganja chake kilikuwa na vidonge kumi. "Kumi vimebaki, daktari!"

Mama Mdogo, kitambaa chekundu kichwani, aliinua mkono. Karani akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Alipofumbua, aliona mama yake mdogo amekaa kwenye vigae, analia.

"Usimpe vyote kwa pamoja!" daktari alipiga kelele kwenye simu. "Kimoja tu sasa, na mfungueni asiumie zaidi. Nakuja mwenyewe. Wodi iache, tutatibu mkono na hao majeruhi."

Afisa alikunja karatasi zake. "Nani alimpa mtoto kazi hii?"

"Sisi," alijibu Matroni. "Na mimi nikampigia makofi."

"Hata mimi nilikipenda kijani chenu kabla sijaketi," alisema afisa, akiivua miwani iliyovunjika. "Kengele zitasubiri. Fedha za mafunzo zitakuja kwanza, na nitarudi kuangalia vidonge, si kioo."

Mama Mdogo alishonwa nyuzi tisa. Bibi wa Dirishani alitolewa vigae viwili shavuni, na kwa siku nne hakutega kitendawili. Mlinzi alisimamishwa kazi mwezi mzima kwa yale mateke. Nyundo alibaki, mkono kwenye plasta, na baada ya juma moja akarudia vijiko vyake, akivisugua kwa mkono wa kushoto.

Hakukumbuka kitu. "Huu mkono nani kauvunja?" alimuuliza Karani.

Ilikuwa rahisi kutaja rungu.

"Aliyepiga ni mlinzi, babu. Lakini chanzo ni mimi. Niliandika umekunywa dawa, na hukunywa."

Nyundo aliacha kusugua. "Inauma sana," alisema, akampa kitambaa. "Basi kaa hapa, unisaidie vijiko."

Mafunzo yalianza wiki iliyofuata. Siku moja Nyundo alitema kidonge sakafuni. Mama Mdogo akakifuta kidole chake kwenye aproni, akatafuta kisanduku, akagusa: amekataa. Kikageuka chekundu. Haikupita dakika, Matroni, aliyekiona kwenye kishikwambi cha ofisini, akaja na maji, akaketi na mzee, akambembeleza mpaka akameza kingine.

Kisha akamwita Karani.

"Umeona chekundu kilivyonileta mbio? Kijani chako kilinikalisha ofisini siku nne. Kifaa ni kizuri, mwanangu, lakini hakimwoni mzee. Kinajua tunachokiambia tu. Ukiandika, andika kilichotokea. Kama hujui, uliza. Kama hakijatokea, acha wazi, nami nitainuka."

"Ndiyo, Matroni."

"Sasa nenda ukaruke kamba. Kazi hii ni ya watu wazima, tutaijifunza hata ikitutoa jasho."