Malori ya Frimpomaa

Jumamosi, soko la Kejetia mjini Kumasi halina pa kuweka mguu, na Baffour aliuweka wake ndani ya beseni la sabuni nyeusi. Alikuwa amevaa suruali iliyonyooshwa na viatu vya kung'aa. Mwenye beseni, msichana mrefu mwenye kilemba cha manjano, alimtazama mguuni, kisha usoni.

"Kaka, wenzako huiogea, hawaikanyagi."

"Nisamehe, dada. Nilizozikanyaga nazinunua."

"Ngoja kwanza. Sauti hiyo naijua. Si wewe unayetangaza redioni asubuhi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona nilidhani una kitambi?"

Baffour alicheka mpaka wauza nyanya wakageuka. Msichana aliitwa Adoma. Sabuni aliipika na mama yake, Frimpomaa, kwa jivu la maganda ya kakao. Wiki iliyofuata Baffour alirudi kununua nyingine, na ile ya kwanza hata hajaifungua.

Wakapendana. Jioni walikula fufu na supu ya karanga bakuli moja, wakigombania nyama. Adoma alikodi kibanda, akaajiri wanawake wenzake, akanunua lori kuukuu la kupeleka sabuni Tamale. Lori kurudi tupu kulimuudhi, akalijaza karanga. Karanga zikaleta kinu cha mafuta, mafuta yakaleta kiwanda cha biskuti kule Tema. Ubavuni mwa kila lori aliandika jina la mama yake kwa rangi nyekundu. Matajiri walikuja kuomba hisa, akawarudisha wote.

"Mpenzi, tunaoana lini?" Baffour aliuliza kwenye simu.

"Mashine za Tema zikishafungwa."

"Halafu utaniambia tawi la Lomé."

"Umejuaje?"

"Adoma, mimi ni mchumba au ni tawi?"

"Wewe ndiyo makao makuu, kipenzi changu."

Baffour alicheka. Simu ilipokatika akabaki ameishika mkononi.

Siku ya kufungua kiwanda, Baffour alivaa kente ya marehemu baba yake akaenda Tema. Adoma alikuwa na gauni la kijani, amezungukwa na watu wa benki. Mmoja wao akauliza, "Na huyu bwana ni nani?"

"Ni mtu wa nyumbani, Kumasi," Adoma akajibu haraka, akageukia sinia la biskuti.

Hotuba zilipoanza Baffour alishapanda basi. Adoma alipiga simu, haikupokelewa. Baadaye namba yenyewe ikawa haipatikani. Alimtuma mtu, akarudishwa mlangoni.

Miaka ikapita. Kampuni ikavuka mipaka. Ikawa na mashamba ya michikichi, maghala Abidjan, hoteli Monrovia. Baffour hakuweza kuvuka barabara bila kupishana na lile jina jekundu. Kuna siku alisimama kando ya barabara, akasubiri lori lipite lote, kisha akasahau alikuwa anakwenda wapi. Naye Adoma, kila alikolala, asubuhi alifungulia redio ya Kumasi kwenye simu yake. Alimsikia akisoma bei za nyanya na matangazo ya misiba, akazichana nywele polepole ili asimalize kabla yake.

Asubuhi moja tangazo la msiba lililowekwa mezani kwa Baffour lilikuwa la Frimpomaa. Alisoma jina, akasoma ukoo, kisha akashindwa kuendelea. Huko nyumbani kwa mama yake, kati ya waombolezaji, Adoma aliusikia ukimya ule.

Jumamosi ya mazishi Baffour alikuja na nguo nyeusi, akasalimia safu nzima ya wafiwa mpaka akamfikia. Baada ya dua Adoma alimfuata nyuma ya maturubai.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umeenea kila mahali."

Wote wawili wakatazama chini.

"Siku ile Tema," Adoma alisema, "watu wa benki walikuwa wameniuliza kama naolewa. Waliogopa mume atakuja kuniamulia. Niliogopa watajitoa, nikakuficha."

"Ungeniambia, ningejificha mwenyewe."

"Ndiyo sababu sikukuambia. Ungekubali, halafu ningekutazamaje?"

"Nilidhani unanionea aibu."

"Nilijionea aibu mimi. Nimekusikiliza kila asubuhi, Baffour."

"Mwenzangu ulikuwa na redio. Mimi nilikuwa na malori."

Adoma alitaka kucheka, machozi yakawahi. Baffour akampa leso yake, na hakuidai.

Matanga yalipokwisha na nguo nyeusi zikavuliwa, wajomba wa Baffour walikwenda kupiga hodi ya posa kwa kina Adoma, na chupa zao za pombe ya jini. Ua ulijaa. Mjomba wa Adoma akamwita mbele, naye Adoma akaja amejifunga kente ya bluu na dhahabu. Kama ilivyo desturi, mjomba akamuuliza mara tatu.

"Adoma, vinywaji hivi tuvipokee?"

"Vipokeeni."

"Tuvipokee?"

"Vipokeeni, mjomba."

"Kwa mara ya mwisho, mwanangu. Tuvipokee?"

Adoma akawageukia wanaume. Shangazi mmoja akaacha kujipepea.

"Vipokeeni," alisema. "Ila nataka ajue mbele yenu. Jumatatu nakwenda Monrovia, na baada ya hapo nitakwenda tena kwingine. Sitaiacha kazi ya mama yangu."

Bwana harusi siku hiyo hasemi neno. Wanaosema ni wazee. Lakini Baffour alisimama katikati ya wanaume.

"Najua," alisema. "Nimeomba likizo redioni. Tunakwenda wote."

Mjomba wake akamvuta nguo. "Keti, kijana. Hujaulizwa wewe."

"Nimengoja sana kuulizwa, mjomba," Baffour akasema, ndipo akaketi.